Kwa Mkono wa Mwalimu Kofia

Jumatatu, 4 Agosti

Picha imefika. Kijana kaileta mwenyewe, kaizungushia blanketi na kuifunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Kamba ya nguo! Picha ya nguo kambani, imefungwa kwa kamba ya nguo, na hakuona cha kuchekesha. Namwita Kijana ingawa ana miaka arobaini na sita na mvi zinamchungulia masikioni. Mtoto wa kaka yangu huyu, nimembeba mgongoni. Kwangu ni kijana tu.

Wasia kausoma amesimama, kama tangazo la serikali. Marehemu baba yake kaandika: picha ya uani iwe ya dada yangu na mwanangu kwa pamoja, wasigombane. Kaka bwana! Miezi miwili kaburini na bado anatoa amri.

Nimeitundika juu ya meza ninayoandikia. Nimeitazama mpaka chai imepoa. Ua wa nyumba yetu. Kamba tatu, mashuka matano, pipa la maji, kigoda kisicho na mtu, mlango wa buluu. Na kwenye kamba ya chini, gauni dogo lenye mfuko mmoja. Mfuko wa pili niling'oa kwenye msumari nikiwa nakimbia. Nilichapwa kwa huo mfuko.

Miaka sitini na saba. Ua haupo. Mtaa wenyewe haupo, tangu mji mzima ufukuzwe. Hii ndiyo picha pekee ya nyumba yetu iliyobaki duniani, na ya mama hakuna hata moja. Kuna hii tu aliyoichora yeye. Mama ndiye aliyeichora – hilo halijawahi kuwa swali katika ukoo huu.

Akiwa mlangoni Kijana akasema kapata mthamini, mtu wa sanaa, aje aitazame. "Kuitazama tu, Shangazi." Nikasema sawa. Mjinga mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Si uzee.

Mthamini alikuja saa nne. Kavaa glavu kabla ya kusalimia. Ana lenzi ndogo ya kubana jichoni, taa yake, brashi laini. Niwe mkweli: kazi anaijua. Kaitoa picha kwenye fremu kwa utaratibu, kama anamvua mtoto mgonjwa shati. Fremu kaiweka pembeni – haina thamani, akasema. Akainama juu ya karatasi, dakika nyingi.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Mashuka yale hayakupakwa rangi. Ni karatasi yenyewe, imeachwa. "Rangi za maji hazina nyeupe, Mama. Aliyechora hii alijua mahali pa kutogusa."

Nilitaka kumkumbatia! Mama kafua mashuka ya watu miaka kumi na tisa. Weupe haupakwi, alikuwa akituambia, weupe unalindwa. Tulidhani anatufukuza tu na miguu yetu ya matope.

Halafu akaigeuza.

Nyuma, juu kabisa, kwa penseli, herufi kubwa: KWA MKONO WA MWALIMU KOFIA.

Mthamini akakaa chini bila kukaribishwa. Mwalimu Kofia! Mwalimu wetu wa kuchora, pale shuleni, ambaye hata kulala alilala na kofia. Nasikia siku hizi picha zake zinagombaniwa na watu wazima kwenye minada. "Kwa mkono wake," mthamini akasema. "Ameandika mwenyewe, Mama! Kwa mkono wake!"

Nikamuuliza kama amewahi kuandika barua. Akasema kila siku. Ya bahasha, nikamwambia! Ya kulamba na kufunga! Kijana akacheka, mthamini hakucheka.

Nikamweleza kama mtoto wa darasa la kwanza. Zamani wengi hatukuwa na sanduku la posta. Ukituma barua, juu unaandika jina la mpelekewa, chini unaandika "kwa mkono wa" fulani – mwenye duka, mwalimu, dereva, yeyote atakayeifikisha. Mkono wa kupeleka! Mtaa wetu mzima ulipata barua kwa mkono wa mwenye duka la mafuta ya taa, na hakuna aliyedhani yule bwana ndiye aliyeziandika zote. Angekuwa na wachumba thelathini.

"Sawa, Mama," akasema. "Basi jina la mpelekewa liko wapi?"

Akanionyesha ukingo. Pande tatu zimenyooka kama zilivyotoka kiwandani. Upande wa juu umekatwa kwa mkasi, tena na mtu asiyejua mkasi, umekwenda kama mlevi. Kumekatwa zamani, akasema. Watu hukata ili picha itoshe kwenye fremu.

Nikamuuliza, mbona Mwalimu Kofia alikuwa anachora kikofia kidogo pembeni ya kila picha, shule nzima inajua, na hapa hakipo? Akasema si kila picha. Nyingine alikuwa na haraka.

"Mama yako alikuwa akifanya kazi gani?"

"Dobi."

Akatabasamu. Laiti angecheka! Kicheko ningekijibu. Alitabasamu kwa huruma, akanishika bega na glavu yake, akaniambia vivuli vile vinataka mafunzo ya miaka.

Nimeosha bega.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeamka na hasira ileile. Imelala vizuri kuliko mimi.

Niliyopaswa kumwambia jana, yamekuja yote leo, nikipiga mswaki:

Aliyechora amesimama kwenye mlango wa jiko letu. Mwalimu Kofia hakuwahi kuvuka ua. Alikuwa akileta nguo zake mpaka kizingitini na kugeuka, mtu wa haya yule.

Vivuli vimelala upande wa pipa. Hiyo ni asubuhi. Asubuhi Mwalimu Kofia alikuwa darasani ananichapa vidole kwa kuchora farasi mwenye miguu mitano.

Na ile buluu! Ya mlango, ya vivuli vyote. Hiyo ni buluu ya kufulia. Mama alikuwa akiifunga kwenye kitambaa, anaitikisa kwenye beseni la mwisho ili nguo nyeupe zitakate. Karatasi alipewa na Mwalimu, vipande vilivyobaki darasani. Brashi moja pia. Rangi nyingine alipata vikopo vilivyokaribia kwisha. Lakini buluu ilikuwa yake.

Miaka thelathini na mmoja nimesoma prufu, nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapa, kwenye kiwanda cha uchapaji. Vitabu vya watu, hotuba za watu, makosa ya watu. Nimewasahihishia maprofesa. Leo naambiwa sijui maana ya "kwa mkono wa".

Jumapili, 10 Agosti

Kijana amekuja, na sukari kilo mbili. Nikajua kuna jambo.

Mthamini kapata mnunuzi, kataja bei. Siiandiki hapa. Bei hiyo ni ikiwa picha ni ya Mwalimu Kofia. Kama ni ya mtu asiyejulikana – ndivyo alivyomwita mama yangu, mtu asiyejulikana! – haifiki thamani ya fremu mpya. Wanataka sahihi zetu wawili, chini ya maneno kwamba familia inathibitisha ni kazi ya Mwalimu.

"Huo ni uongo," nikamwambia.

"Ni karatasi, Shangazi."

"Mimi karatasi ndiyo kazi yangu."

Akachukua kikombe. Halafu akasema, na hakupaza sauti, afadhali angepaza: nimezaliwa chumba cha kupanga. Nimeoa chumba cha kupanga. Baba kafia chumba cha kupanga, mwenye nyumba kaja msibani kuuliza nani atalipa mwezi ujao. Tangu mtoke huko, Shangazi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Hii picha inanunua nyumba. Ndogo, lakini ina mlango. "Bibi mwenyewe angekuwepo angesema, wajukuu wangu pateni mlango."

Usimsemee, nikamwambia, hukumjua.

"Kosa langu hilo?"

Nikamwambia: kwa hiyo tupate nyumba kwa kumtoa bibi yako kwenye ile aliyoichora mwenyewe. Mara ya kwanza walimtoa wengine. Mara hii tumtoe sisi.

Kaweka kikombe chini. Kaondoka bila kuaga. Sukari kaiacha.

Hana ubaya. Ndicho kinachoniudhi zaidi. Angekuwa mlafi ningelala usingizi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempigia mthamini. Nimemweleza habari ya buluu ya kufulia. Akavutiwa – kweli, sauti ilibadilika. Siku ile alichukua chembe kwa pamba, atampa mwenzake wa maabara. Siku mbili.

Haya. Sayansi na iseme.

Jumatano, 13 Agosti

Sayansi imesema!

Buluu ya kufulia ya miaka ile na buluu iliyokuwa kwenye makasha ya rangi ya walimu ni kitu kimoja. Unga uleule. "Ndugu wa tumbo moja, Mama," mthamini akasema kwenye simu, kwa furaha, kama ananipa zawadi.

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, 15 Agosti

Nitaandika polepole. Nikikimbia nitachana daftari.

Leo nilipeleka fremu kwa fundi, yule wa karibu na kinyozi. Tangu mthamini aifungue inacheza kama jino la mtoto. Fundi kaitikisa, akacheka: hii ilikazwa kwa makaratasi, Bibi, fundi aliyeitengeneza hakuwa fundi. Akachomoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kilichosokomezwa kwenye pembe kama kabari. Alitaka kukitupa. Akakikunjua kwa udadisi tu, akasoma maneno mawili ya mwanzo.

"Kumbe ni maagizo," akasema. "Mpe kibanio. Yaani picha ilitakiwa ibanwe na kibanio, si kukazwa hivi. Umeona? Hawakusoma maagizo!"

Nikakichukua mkononi mwake. Ukingo wa chini umekwenda kama mlevi.

MPE KIBANIO. NAANUA NGUO NAKUJA. MAMA.

Herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake. Mama hakwenda shule. Herufi alijifunzia kwenye kola za mashati, akizitia kwa uzi mwekundu ili nguo za watu zisichanganyike. Mwandiko wake mzima ulikuwa wa kola. Nimeutazama ule wa nyuma ya picha mara ngapi? Sikuutambua. Mimi, msoma prufu! Nilikuwa nabishana na maneno, sikuangalia herufi.

Na Kibanio ni mimi. Nilikuwa natembea nyuma yake na kikapu cha vibanio vya nguo, akianika, ananyoosha mkono bila kugeuka, "Kibanio!", nami nampa kimoja. Jina likaninata. Aliyebaki kuniita hivyo alikuwa kaka. Tangu afe, hakuna mtu duniani anayejua kuwa Kibanio ni mtu.

Fundi akaniuliza, Bibi, kuna nini, kaa kwanza. Nikakaa kwenye kigoda chake. Akaniletea maji. Nikamwambia vumbi la mbao.

Jumamosi, 16 Agosti

Kaka. Kaka. Kaka!

Nayapanga kwa mfuatano, la sivyo nitavunja kitu.

Asubuhi ile tulipoondoka, mama alitutanguliza na jirani. Yeye alibaki kwa sababu nguo zilikuwa mbichi. Nguo za watu! Mji unaondoka na yeye anasubiri mashuka ya watu yakauke, awapelekee wenyewe, ndipo aje. Hakuja. Mwalimu Kofia alitoka kati ya wa mwisho, miezi baadaye, akatufikia kwenye kambi ya wakimbizi na karatasi chini ya koti. Mimi nilikuwa na homa, sikumwona. Kaka ndiye aliyepokea. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Nilipopona akanionyesha. Mama katuletea, akasema. Katuletea!

Miaka sitini na saba imekaa chumbani kwake, alikohamia nayo ikahamia. Nikienda kumtembelea naomba: kaka, niishushe kidogo niione karibu? Ananiambia mikono, dada, mikono ina mafuta. Nilikuwa naomba ruhusa ya kushika barua yangu mwenyewe!

Mchana nikajaribu kumtetea. Mtoto wa miaka kumi, mgonjwa, unampa karatasi iliyoandikwa "nakuja". Atakaa njiani mpaka lini? Labda alikata ili nisingoje.

Au alikata kwa sababu mama alituma neno kwa mtoto mmoja, na yeye hakuwa huyo.

Sitaki kujua ipi. Na nisiambiwe alifanya kwa huruma. Aliyefanya kwa huruma huja siku moja, ukiwa na miaka thelathini, hamsini, sabini, akakwambia. Alikuwa na nafasi zote hizo.

Lakini ile karatasi hakuitupa. Kaikunja mara nne, kaikazia picha nayo. Hapo ndipo hasira yangu inapokwama kila mara.

Na Mwalimu Kofia, maskini. Alibeba tu. Kabeba kwa uaminifu, kapita alikopita, na leo wanamfanya mwizi kaburini bila habari.

Jumanne, 19 Agosti

Kijana kapiga simu. Keshokutwa saa tano, ofisini kwa mthamini, mnunuzi anataka jibu. Anaongea nami kama mtu anayepita kwenye sakafu yenye maji.

Sikumwambia. Kipande nimekiweka kwenye kamusi, kwenye herufi K.

Nikikitoa, nini? Mthamini atasema Kibanio ni nani, na nani shahidi? Mimi. Mwenye maslahi, kizee, na mbishi. Lakini ataona ukingo, utakutana na ule mwingine. Ni mwaminifu kwenye karatasi, huyo. Hataandika tena "kazi ya Mwalimu". Bei itakufa hapo hapo mezani.

Na mlango wa Kijana utakufa nayo.

Nisipokitoa – nasaini. Mama asiyejulikana.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika kwenye benchi la korido, nje ya ofisi ya mthamini. Wamenitoa. Sivyo, nimetoka mwenyewe.

Fomu ilikuwa mezani, imechapwa vizuri. "Picha hii ni kazi ya Mwalimu Kofia, nasi wanafamilia tunathibitisha hivyo." Chini, mistari miwili. Kijana alishasaini wake. Wakanipa kalamu. Ya buluu, kwani ingekuwa ya nini?

Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, ulivyozoea. Nikapiga mstari juu ya "ni kazi ya", nikaweka alama ya kufuta pembeni, nikaandika juu yake, safi, kwa herufi za kiwandani: "imeletwa kwa mkono wa". Nikasoma tena. Sentensi sasa ilikuwa sahihi. Nikasaini.

Mthamini karuka. "Mama, hii si prufu!"

Kila karatasi ni prufu mpaka mtu aisaini, nikamwambia. Akasema atachapa nyingine. Nikasema nitasahihisha nyingine. Kijana alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nikatoka, nikakaa hapa. Baada ya kitambo Kijana kanifuata. Kakaa mwisho wa benchi, kama mgonjwa asiyetaka kuambukizwa.

"Shangazi, unataka nini hasa?"

Kamusi nilikuwa nayo mkobani. Nikafungua K, nikampa kile kipande. Nikamwambia kilikuwa ndani ya fremu ya baba yake.

Kasoma kwa sauti. "Mpe kibanio." Kageuza nyuma, kageuza mbele. "Kibanio cha nini? Cha kubania picha?"

"Kibanio ni mimi."

Kanitazama. Nikamweleza kikapu, mkono ulionyooshwa bila kugeuka. Nikamwambia nani alikata, na kakificha miaka mingapi. Sikutia chumvi, wala sikupunguza. Kilichobaki akasoma kimya, midomo ikicheza. Naanua nguo nakuja. Alirudia. Nilimwona akirudia.

"Na hakuja," akasema.

"Hakuja."

"Baba alijua neno hili siku zote?"

Kaweka kipande juu ya kiganja kilichofunguka, hakigusi kwa vidole, kama mtu aliyebebeshwa kifaranga. Akauliza kama kweli mashuka yale hayakupakwa rangi. Nikasema ndiyo, ni karatasi tupu. Akasema hakuwahi kuona kwamba bado yako kambani, hayajaanuliwa.

Nami nimetoa daftari, ili mikono yangu iwe na kazi.

Mlango umefunguka. Mthamini, na fomu mpya, bado ina joto la mashine. Anauliza kama tumekubaliana. Anauliza mara ya pili. Sasa ameona – anauliza, hicho ulichoshika ni nini? Kijana kainuka. Hajanirudishia. Sijaomba. Anafunga mkono wake, polepole, asikikunje, na kwa mkono wa pili anaisukuma fomu kando.